Asili Bila Miungu: Swali Tunalowatuma Wanafunzi Wetu kwa Wazee
Mada iliyowasilishwa kwenye semina ya walimu wa Kiswahili, Wingwi, Pemba

Utangulizi

Nimetakiwa nizungumzie visasili vya Wagiriki wa kale kuhusu asili ya miungu na binadamu, na namna ya kuvisomesha sambamba na vya kwetu. Mwaliko unataka mada ianze na fasili. Fasili mnazo. Kisasili husimulia asili ya ulimwengu, watu na desturi, na wenyewe hukichukulia kuwa kweli. Kisakale ni cha mashujaa na matukio ya kale. Ngano hakuna anayedai kuwa ilitokea. Mgawanyo wa mtaalamu wa fasihi simulizi Mulokozi mnausomesha kila mwaka. Naendelea.

Wagiriki kwa ufupi

Chanzo kikuu ni Hesiod, mshairi wa Boeotia aliyetunga Theogonia kiasi cha mwaka 700 K.K. Mwanzo palikuwa na Khaos, uwazi mtupu. Wakafuata Gaia, yaani ardhi, na Tartaros na Eros. Gaia akamzaa Ouranos, mbingu, kisha akazaa naye. Ouranos akawazuia watoto wasitoke tumboni mwa mama yao. Kronos, mdogo wao, akamkata baba yake kwa mundu akashika utawala. Naye akiogopa kufanyiwa vile vile, akawa anawameza wanawe kila wanapozaliwa, mpaka mkewe Rhea alipompa jiwe lililoviringishwa nguo za mtoto, akalimeza akidhani ni Zeus. Zeus alipokua, waliomezwa walitapikwa, vikapiganwa vita vya miaka kumi, na ufalme ukawa wake.

Kuhusu binadamu, Hesiod ana maelezo zaidi ya moja na hayapatani, jambo ambalo mwanafunzi aambiwe mapema. Katika utenzi wake mwingine kuna vizazi vitano: cha dhahabu, cha fedha, cha shaba, cha mashujaa na cha chuma, na mshairi analalamika kuwa yeye kaangukia cha chuma. Humo humo, mwanamke wa kwanza, Pandora, anafinyangwa kwa udongo kuwa adhabu baada ya Prometheus kuiba moto. Anafunua mtungi, maovu yanatawanyika, tumaini linabaki ndani. Ni mtungi, walimu wenzangu. Sanduku lililozoeleka lilitokana na Erasmus, karne ya 16. Na ile habari ya Prometheus kumfinyanga binadamu haimo kwa Hesiod, ni ya baadaye.

Niongeze tahadhari moja kwa ajili ya mzazi anayekuja shuleni kuuliza kwa nini mwanawe anafundishwa miungu. Wagiriki wenyewe walizipinga hadithi hizi. Xenophanes, karne ya 6 K.K., alisema farasi wangekuwa na mikono wangeichora miungu kwa sura ya farasi. Plato, ndani ya Jamhuri, hakutaka vijana wasimuliwe habari za Ouranos na Kronos. Baghdad ilipotafsiri vitabu vya Kigiriki ilichukua Aristotle, Galen na Ptolemy; ukoo wa Zeus haikushughulika nao. Tunasomesha fasihi. Naomba nisinukuliwe vinginevyo.

Tatizo lenyewe

Hapa ndipo nilipotaka kufika, na Mwenyekiti ataniwia radhi nikipita muda.

Kazi ya nyanjani tunayowapa wanafunzi huandikwa hivi, au kwa maneno yanayokaribia haya: kusanya visasili viwili vya jamii yako kuhusu asili ya miungu au binadamu. Kijana anachukua daftari, anamwendea babu yake barazani: "Babu, nipe kisasili chetu cha kuumbwa mtu." Mzee anamtazama. "Mjukuu wangu, hayo yamo chuoni. Hukusoma?" Mazungumzo yamekwisha. Kijana anarudi na daftari tupu, na kwa kuwa alama anazihitaji, ananakili kisasili cha Wakikuyu, cha Gikuyu na Mumbi, kutoka kitabuni, au anamchukua Zeus akambadilisha jina. Halafu ripoti inaandikwa kwamba Pemba visasili hakuna. Sentensi hiyo nimeisoma kwa miaka, na kila nikiisoma naona ni ya uongo.

Mzee hana kosa. Ameulizwa swali la Hesiod, mahali ambapo Uislamu una takriban miaka elfu moja. Ukimwendea mvuvi wa dema ukamtaka jarife, atakwambia hana. Hajasema hana samaki.

Swali lenyewe lina kasoro hata kwa jirani zetu wasiokuwa Waislamu. Angalieni Buganda. Kintu anamwoa Nambi, binti wa Ggulu wa mbinguni. Wanaambiwa waondoke upesi wasirudi nyuma. Nambi anarudi kuchukua ulezi wa kuku, na kaka yake Walumbe, ambaye ni kifo, anawafuata. Ndani yake hamna kuzaliwa kwa mungu hata mmoja. Kuna ndoa, katazo, na kifo kilichoingia kwa kusahau. Nambi ni jirani wa Pandora, si wa Kronos. Gikuyu naye anaonyeshwa nchi, anakaa Mukurwe wa Nyagathanga, anazaa mabinti. Kisasili kinaanza pale mtu anapopewa mahali pa kukaa.

Sasa tumuulize mzee wa Micheweni alichonacho. Anaye chewa anayemeza mwezi unapopatwa, na watoto wakapiga vyombo ili autapike. Huyo umweke kando ya Kronos uone darasa litakavyoamka. Anaye ng'ombe anayebeba dunia kwa pembe yake, amesimama juu ya samaki. Ni hadithi iliyotufikia kupitia vitabu vya Kiarabu. Anavyo vyombo saba vilivyotoka Shirazi, na katika tarihi ya Kilwa kimoja kiliishia Al-Jazira al-Khadra, Kisiwa cha Kijani, ndiyo Pemba hii. Kule Kilwa mgeni alikipata kisiwa kwa nguo alizompa mwenyeji. Anaye mtawala Mkama Ndume wa Pujini, ambaye wanafunzi wanamwita kisasili ilhali ni kisakale, lakini leo sigombani nao. Na ukikaa naye vizuri, anayo habari ya nani alikuwa wa kwanza kukata msitu, mzimu gani ulikuwepo, mvyale gani, yaani mlinzi wa mzimu, aliomba ruhusa, na nini kilikatazwa.

Basi ulinganisho wenye nyama uko hapo. Kwa Hesiod asili ni kuzaliwa na kunyang'anyana. Kwetu asili husimuliwa kama kufika: nani alifika, alimkuta nani, alitoa nini, akapewa sharti gani. Zeus anapindua, mgeni wa Kilwa anatoa nguo. Swali la kazi ya nyanjani halina nafasi ya hata moja kati ya mambo hayo.

Nimeombwa nisiingie kwenye mjadala wa Ushirazi, na sitaingia sana. Itoshe kusema kwamba hapo Tumbe, si mbali na tulipo, uchimbaji wa Adria LaViolette na Jeffrey Fleisher umeonyesha kijiji kikubwa cha tangu karne ya 7, kabla ya mji wa Chwaka. Mwaka 2023 jarida la Nature lilitoa uchunguzi wa vinasaba vya makaburi ya kale ya pwani, yakiwemo ya Manda na Kilwa: asili ya Kiafrika pamoja na ya Kiasia, hasa ya Uajemi, kuchanganyika kwao kukianza kiasi cha mwaka 1000. Hadithi ya vyombo si daftari la bandari wala si uzushi mtupu. Mwenyeji aliyepokea nguo ndani ya hadithi, na mwenyeji anayechimbuliwa Tumbe, wote wawili wanataka kuulizwa.

Fomu yetu ya kukusanyia ina jina la kisasili, wahusika na funzo. Haina mahali, haina msimulizi alisikia kwa nani, haina ruhusa. Pendekezo la kuibadilisha nimelitoa kwa maandishi na kwa mdomo. Limepokelewa. Kila mara limepokelewa, na litafanyiwa kazi. Nia ya mtu siishuku. Nasema tu kwamba wazee hawasubiri vikao.

Mapendekezo

Kwa unyenyekevu napendekeza swali la nyanjani libadilishwe, na "asili ya miungu" iondoke kabisa katika kazi za nyumbani za kisiwa hiki. Ibaki darasani, kwa Hesiod. Mwanafunzi aulize kuhusu mahali: kisima, jiwe, mbuyu, jina la mtaa, nani alifika kwanza. Fomu ibadilishwe pia, iongezwe mahali, aliyemsimulia msimulizi, na ruhusa.

Mvyale au mzee akikataa, kukataa kwake kuandikwe kuwa jibu, na mwanafunzi asipoteze alama. Habari za mizimu zisisomwe darasani kabla ya mwenyewe kuridhia. Imani ya dini isiwekwe kwenye jedwali moja na Prometheus, hata kama udongo umetajwa pande zote mbili. Hili lina hatari ya kueleweka vibaya na halina faida ya kifasihi.

Walimu wa historia na wa Kiswahili wafanye kazi hii pamoja, hasa kwa Tumbe na Chwaka. Kintu na Nambi wasomeshwe kabla ya Zeus. Sauti zihifadhiwe, zisiishie kwenye simu ya mwanafunzi: Zanzibar iliwahi kuwa makao ya EACROTANAL, kituo cha masimulizi ya Afrika Mashariki, kwa hiyo wazo la kuwa na mahali pa kuweka kanda si geni. Nakala moja ibaki shuleni, nyingine kwenye hifadhi ya nyaraka, ya tatu arudishiwe mzee. Na swali la nyanjani, narudia, libadilishwe muhula huu, bila kusubiri mtaala mpya, kwa kuwa ni mwalimu mwenyewe anayeliandika ubaoni.

Fomu ya mfano nimeichapa kwa kurasa mbili. Nakala ziko kwa katibu wa semina. Anayetaka kuijaribu aichukue kabla ya mapumziko ya chai, na wazee waliopo hapa wamekubali kuulizwa mchana huu.