Mchoro Mmoja, Mwenyewe Mmoja: Nidhamu ya Michoro Rejea katika Usanifu kwa Kompyuta



Mwaka 1963, Ivan Sutherland wa MIT, Marekani, aliwasilisha tasnifu yake kuhusu Sketchpad. Katika programu hiyo umbo lilichorwa mara moja na kuonyeshwa mahali pengi. La asili likirekebishwa, yote hubadilika. AutoCAD, iliyotoka mwaka 1982, baadaye iliruhusu mchoro mzima uonekane ndani ya mwingine bila kunakiliwa. Huo ndio mchoro rejea.

Mchoro mkuu, yaani ule unaourejea mwingine, haumezi mchoro rejea. Huhifadhi tu jina la faili, njia ya kuifikia, mahali pa kuiweka na skeli yake. Msanifu majengo akisogeza ukuta na kuhifadhi kazi, mhandisi wa umeme atakapofungua mchoro wake ataukuta ukuta mahali papya.

Uhusiano huo una masharti. La kwanza ni njia. Ikianzia kwenye diski ya kompyuta ya ofisini, folda ikihamishwa mkandarasi anaweza kufungua ramani isiyo na kuta. Njia ihesabiwe kuanzia ulipo mchoro mkuu, na mradi wote uhamishwe pamoja.

La pili ni namna ya kurejea. Mhandisi wa umeme akiuambatisha mchoro wa msanifu, kila atakayerejea mchoro wa umeme atazipokea na kuta, hata kama anazo tayari. Akiuwekelea tu, kuta huishia kwake. Kwa timu zinazorejeana kila siku, kuwekelea ndiko salama.

La tatu ni kufungamanisha, yaani kuugeuza mchoro rejea kuwa sehemu ya mchoro mkuu. Wengi hufanya hivyo ili kukwepa usumbufu wa viungo, lakini tangu hapo marekebisho ya mwenyewe hayafiki tena. Kufungamanisha kunafaa kwa nakala ya kumbukumbu. Kwa kazi inayoendelea ni hatari.

Hata hivyo, programu haiwezi kuziba pengo la makubaliano. Mwaka 2006 kampuni ya ndege ya Airbus ilitangaza ucheleweshaji mkubwa wa ndege ya A380. Timu zake za Hamburg na Toulouse zilitumia matoleo tofauti ya programu ya usanifu ya CATIA, na nyaya zilizoandaliwa hazikutosha zilipofika kwenye ndege. Ndege ya kwanza ilikabidhiwa Oktoba 2007.

Ili kuweka makubaliano ya aina hiyo, kiwango cha kimataifa cha usimamizi wa taarifa za ujenzi, ISO 19650, kilichoanza kutolewa mwaka 2018, hutenganisha kazi inayoendelea, iliyoshirikishwa, iliyoidhinishwa na iliyohifadhiwa. Mchoro ambao mwenyewe hajaushirikisha haufai kurejewa na mtu mwingine.

Naziomba idara zetu za usanifu na uhandisi ziache kumpima mwanafunzi kwa mchoro wa peke yake tu. Tuwape wanafunzi mradi mmoja, kila mmoja amiliki faili yake, na tusahihishe pia jinsi faili hizo zinavyorejeana.