Ndege Nyuki Yako Inaona Nini Angani?



Wengi walionunua ndege nyuki hutuambia kwamba chombo chao kina vihisi vya kukwepa vizuizi, na kwa hiyo hawana hofu ya kugongana na ndege yenye watu. Imani hiyo ni ya hatari, nasi tungependa kueleza sababu.

Vihisi vinavyotangazwa kwenye boksi kwa kawaida ni kamera ndogo. Hutambua mti, ukuta au nguzo iliyo umbali wa makumi machache ya mita, kisha hukisimamisha chombo. Sasa fikirini ndege ndogo inayokwenda kilomita 180 kwa saa: hupita mita 50 kila sekunde. Kihisi kinachoona mita 40 hakikuachii hata sekunde moja kamili.

Baadhi ya ndege nyuki zina pia kipokezi kinachonasa mawimbi ya redio ambayo kwayo ndege hutangaza mahali zilipo. Huu ni msaada wa kweli, kwani tahadhari huweza kutolewa ndege ikiwa bado mbali. Hata hivyo, kipokezi hakiwezi kunasa ndege isiyotuma mawimbi hayo, na zipo ndege ndogo na helikopta za namna hiyo. Tena, mara nyingi humwonya mrushaji tu. Kukwepa kunabaki kazi yake. Rubani naye haonywi na mitambo yake, kwa kuwa hiyo hutegemea ishara ambazo ndege nyuki za kawaida hazitoi.

Tarehe 9 Januari 2025, moto ulipokuwa ukiteketeza makazi ya Los Angeles, Marekani, ndege ya kuzima moto iligongwa na ndege nyuki iliyorushwa umbali wa zaidi ya kilomita 2 hadi mrushaji akashindwa kuiona. Bawa lilitobolewa. Marubani walitua salama, lakini ndege iliondolewa kazini wakati ilipohitajika mno.

Kwa hiyo, tunawashauri yafuatayo:

1. Kabla ya kununua, mwulize muuzaji iwapo chombo kina kipokezi cha ishara za ndege, na iwapo huonya tu au hukwepa chenyewe.

2. Pata kibali kabla ya kurusha, na ujiepushe na maeneo ya viwanja vya ndege.

3. Kiweke chombo mbele ya macho yako daima, chini ya kikomo cha kimo kilichowekwa. Katika nchi nyingi ni futi 400, yaani mita 120 hivi.

4. Ukisikia mngurumo wa ndege, shusha chombo mara moja. Usibonyeze kitufe cha kurudi nyumbani, kwani vyombo vingi hupanda juu kwanza ndipo virudi.

Ndege nyuki ikianguka shambani, mwenyewe hupoteza fedha. Ikigonga ndege, wanaohatarishwa ni watu wasiojua hata kwamba ilikuwapo. Ndiyo maana kupisha ni wajibu wa aliye chini, mwenye rimoti mkononi.