Nyumba ya Minneapolis: Tuanze na Matundu



Mwezi Januari 1888 kipimajoto cha Minneapolis, Marekani, kilishuka hadi nyuzi 40 hivi chini ya sifuri. Julai 1936 kikapanda hadi 42. Hizo ni rekodi, lakini hata mwaka wa kawaida baridi huko hupita nyuzi 20 chini ya sifuri, na joto hupita 30.

Katika mji huo wanaishi ndugu zetu wengi: Wakenya, Wakongo, na Wasomali waliokulia kambi za wakimbizi za Dadaab na Kakuma. Anayenunua nyumba huko huuliza kwanza kihami joto kipi ni bora: sufu ya kioo, selulosi au povu? Nasema swali hilo ni la pili. La kwanza ni hewa inapitia wapi.

Nyumba nyingi za huko ni za mbao. Hewa yenye joto hupanda, ikapenya darini kupitia matundu ya nyaya, mabomba na dohani. Panda darini mwezi Februari ukiwa na tochi, utazame misumari iliyotokeza chini ya paa. Ncha zake zimevaa barafu nyeupe. Ule ni mvuke wa jikoni, wa bafuni na wa pumzi za wenye nyumba. Jua likiwaka barafu huyeyuka, dari hulowa, na mwenye nyumba huita fundi wa paa ilhali paa ni zima.

Kisha inua kipande cha sufu ya kioo. Mara nyingi utakuta baka jeusi. Wengi hudhani ni kuvu, kumbe ni vumbi lililonaswa hewa ilipokuwa ikipita. Sufu ya kioo haizuii hewa, huichuja tu. Kuirundika juu ya matundu yaliyo wazi ni kuteka maji kwa pakacha.

Ili kuyapata matundu hayo, mafundi hufunga feni kubwa mlangoni, wakanyonya hewa mpaka tofauti ya kanieneo ifike paskali 50. Hapo hata kiganja chako kitahisi upepo unakopenya. Matundu huzibwa kwa povu au gundi ya kuzibia, ila pembeni mwa dohani hutumika bati na gundi isiyoshika moto.

Sasa tuchague. Darini mimi napendelea selulosi, yaani magazeti yaliyosagwa na kuchanganywa na borati ili yasishike moto upesi. Tabaka la sentimita 35 hivi hutoa kiwango cha kuzuia joto cha R-49. Uzito wake, unaozidi ule wa sufu ya kioo, huzuia hewa baridi isizunguke ndani yake, na wakati wa kiangazi huchelewesha joto la paa kufika vyumbani. Mbao za povu la polyiso zina namba nzuri dukani, lakini baridi ikikaza uwezo wake hupungua. Namba ya kwenye lebo peke yake haitoshi.

Kuta zinahitaji uangalifu zaidi. Majira ya baridi mvuke husukumwa kutoka ndani kwenda nje. Kiangazi, kiyoyozi kikiwaka, huelekea ndani. Karatasi ya plastiki upande wa ndani husaidia Januari, kisha Julai hunasa unyevu ukutani na kuozesha mbao. Ndiyo maana nashauri utando wa nailoni, ambao hubana ukiwa mkavu na kupitisha mvuke unyevu unapozidi.

Lakini kabla ya yote hayo, katika nyumba kuukuu, chunguza kama darini kuna chembe nyepesi zenye rangi ya kijivu na dhahabu. Hiyo ni vemikulaiti. Nyingi ilichimbwa Libby, Montana, katika mgodi uliofungwa mwaka 1990, na sehemu yake ilichakatwa Minneapolis kwenyewe. Ile ya Libby ilikuwa na asbesto, ambayo huleta saratani ya mapafu. Usiifagie wala usiiguse, na watoto wasipande huko. Funga mlango wa dari, uite wataalamu wenye leseni.