Huduma za Ng'ombe wa Maziwa: Tukadai Wapi?

Tukitembea Imenti, Manyatta na Runyenjes tunaulizwa swali moja: Serikali inatusaidiaje sisi wenye ng'ombe mmoja?

Tukumbuke tulikotoka. Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 uliwafungulia wakulima wadogo wengi mlango wa kufuga ng'ombe wa gredi. Baada ya uhuru, Serikali ilibeba sehemu kubwa ya gharama za majosho na za A.I., yaani kupandisha ng'ombe kwa mrija. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1980 ikaanza kujitoa. Mwaka 1992 bei ya maziwa ikaachiwa soko. KCC nayo ikaelemewa na madeni, mpaka Serikali ikaichukua tena mwaka 2003.

Sasa, soko huria si baya lote. Mwenye maziwa mengi huchagua mnunuzi. Lakini mwenye ng'ombe mmoja je? Ng'ombe hutaka dume kila baada ya siku 21 hivi, na hali hiyo haimalizi siku nzima. Mama akikosa pesa za daktari siku hiyo, amepoteza wiki tatu. Akikosa mara tatu, ni miezi miwili ya maziwa imekwenda, na karo ya mtoto imo humo humo.

Basi tukadai wapi? Tangu mwaka 2013, ufugaji na kuzuia magonjwa ya mifugo ni kazi ya kaunti, kufuatana na Katiba ya 2010. Sheria inaitaka kaunti itoe mpango wake wa maendeleo wa mwaka ifikapo Septemba 1, na makadirio ya bajeti ifikapo Aprili 30. Na ni lazima wananchi wasikilizwe.

Kabla ya mikutano hiyo, kila kikundi kifanye hivi:

1. Kihesabu ng'ombe wote wa wanachama.
2. Kiandike kila ng'ombe alipandishwa mara ngapi, na kwa shilingi ngapi.
3. Kichague watu wawili wa kwenda kusema, mmoja wao awe mama.

Malalamiko ya mdomo husahaulika. Hesabu iliyoandikwa, afisa hana budi kuijibu.

Wala tusingoje kaunti peke yake. Wafugaji wa Meru waliungana katika ushirika, na leo maziwa yao yanatengenezwa hapo hapo Meru. Lita tano za mtu mmoja zitambembeleza mnunuzi. Lita mia tano za kikundi atazifuata mwenyewe.

Sasa tusikie maswali yenu.