Dume Kijana Mbele ya Bunduki: Apigwe au Apite?



Swali la jioni hii ni dogo kwa sura. Mwindaji mwenye leseni halali amesimama ukingoni mwa kichaka cha Vihingo, wilayani Kisarawe, jua ndiyo kwanza linachomoza. Pongo dume anatoka kivulini. Pembe zake zimeota, ila hazijavuka ncha za masikio. Rangi yake bado ni ya udongo mwekundu. Haijaiva na kuwa nyeusi ya hudhurungi kama ya dume mzee. Upepo unampendelea mwindaji, mnyama hajashtuka. Apige, au amwache aende zake?

Katika mabaraza ya wawindaji nimesikia majibu mawili. La kwanza ni la sufuria: nyama ni nyama, na ya kijana ni laini. La pili ni la heshima: bingwa hapigi kijana, anangoja mwenye pembe. Yote mawili yananitia shaka, na la pili zaidi, kwa sababu linajifanya ni uhifadhi wakati mara nyingi ni majigambo ya ukutani. Ninavyoona mimi, jambo la kwanza la kutazamwa ni mnyama mwenyewe ni wa aina gani na anaishije na wenzake. La pili ni nani atapita katika kichaka hicho hicho kesho. Huruma ya mwindaji mmoja mmoja, hata ikiwa ya kweli, haifiki mbali.

Tuanze na sheria, maana wengi hudhani sheria imekwisha kulijibu swali hili. Mwaka 1896 Gavana Hermann von Wissmann alitoa amri ya uwindaji kwa koloni la Kijerumani la Afrika Mashariki. Pamoja na kudai leseni, amri ile iliwakinga wanyama wachanga, na majike pale wanapotambulika. Mkataba uliotiwa saini London mwaka 1900 na dola zilizokuwa na makoloni Afrika ukaifuata njia hiyo hiyo. Tukapata uhuru, tukaandika Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 1974, kisha Sheria Na. 5 ya 2009 tunayoitumia sasa. Mtoto wa mnyama amekingwa. Jike anayeonekana kuwa na mimba, au aliyefuatana na mtoto wake, amekingwa. Kwa upande wa pili, uwindaji wa kitalii umewekewa vipimo vya nyara. Katikati ya mtoto na nyara amebaki barobaro, ambaye hanyonyi tena wala hajatimia, na habari zake sheria imemwachia mwenye kidole kwenye kifyatulio.

Yuko mmoja aliyepewa umri wake kisheria, naye ni simba. Mwaka 2004 Karyl Whitman, Craig Packer na wenzao walichapisha katika jarida la Nature utafiti uliotokana na takwimu za miaka mingi za simba wa Tanzania. Hoja yao ilikuwa rahisi kuielewa. Dume mwenye kundi akiuawa mapema, madume wengine huingia na kuwaua watoto aliowaacha, hivyo risasi moja huondoa kizazi kizima. Lakini dume akiachwa mpaka afikishe miaka 5 au 6, watoto wake wa kwanza wamekwisha kukua, na kuondolewa kwake hakulitikisi kundi. Walionyesha pia kwamba umri unasomeka puani: pua ya simba huanza na rangi ya waridi, ikaingiwa na madoadoa meusi kadiri miaka inavyokwenda. Tanzania ikaweka kanuni ya kutopiga simba asiyefika miaka 6, na nyara ikawa inakaguliwa. Hii ni kanuni nzuri kwa sababu imeanza na maisha ya mnyama, ikaja kwa mwindaji baadaye.

Kwa jamii ya swala hatujafanya hivyo. Tumechukua rula tukapima pembe.

Kipimo cha pembe kina hila yake, na funzo lake liko Kanada. Katika mlima uitwao Ram Mountain, jimbo la Alberta, kondoo mwitu dume aliruhusiwa kupigwa pembe zake zikifikia kiwango fulani cha mkunjo. Mwaka 2003 David Coltman na wenzake walionyesha, tena katika Nature, kwamba katika miaka 30 hivi ya uwindaji wa namna hiyo pembe za kondoo wale zilipungua. Kisa chake? Dume aliyejaliwa kuotesha pembe haraka alifikia kiwango akiwa bado kijana, akapigwa kabla hajazalisha sana. Mwenye pembe haba aliponea, akaoa wote. Waliodhani wanangoja wakubwa walikuwa wanawachuja walio bora. Basi hata kwetu, pembe ndefu si cheti cha kuzaliwa. Mwindaji mzoefu hutazama unene wa shingo, rangi ya manyoya, uzito wa mwendo, makovu ya masikio. Na kwa swala hakuna kurudia: kulungu wa Ulaya na Marekani huangusha pembe na kuotesha nyingine kila mwaka, lakini pembe ya pongo au ya swala pala ni hiyo moja tangu ujana hadi kufa.

Sasa turudi kwa wanyama wetu, kwa kuwa jibu hubadilika kutoka mmoja hadi mwingine.

Chukua swala pala wa mbuga za Mikumi. Dume mmoja mwenye himaya hujikusanyia majike wengi, na madume waliobaki hukaa pamoja katika kundi la makapera. Katika mwaka wake wa kwanza kapera ana pembe kama vijiti viwili. Baadaye ndipo zinapopinda na kupata umbo la kinubi. Mwenye himaya naye hadumu. Hushinda akifukuza washindani, halishi vya kutosha, anakonda, na mwingine anamng'oa. Kwa hesabu ya kundi, makapera ni akiba iliyozidi mahitaji. Wengi wao wataliwa na chui au mbwa mwitu bila kupanda jike hata mmoja. Hapo anayewinda kitoweo kwa mgao halali, akimchagua kapera kijana, amefanya madhara madogo kuliko angempiga yule mwenye majike katikati ya msimu wa kupandana. Jibu la sufuria, kwa swala pala, lina haki kuliko jibu la heshima. Najua wapo humu ndani ambao hawatalipenda hilo.

Ila tusilivute mno. Wapo wanaosema dume mmoja anatosha, kwa hiyo madume wapigwe bila hofu. Swala wa nyika za Asia aitwaye saiga ametupa jibu. Ujangili wa pembe zake uliwamaliza madume, kwa sababu madume peke yao ndio wenye pembe. Mwaka 2003 Milner-Gulland na wenzake waliripoti kwamba madume walipopungua kupita kiasi, majike, hasa walio katika mwaka wao wa kwanza, walikosa kushika mimba, na uzazi ukaporomoka. Akiba ina sakafu yake.

Pongo ni habari nyingine kabisa. Hana kundi la makapera la kuchukuliwa akiba. Hukaa peke yake kichakani, karibu na maji, na ukimshtua hubweka kama mbwa. Utafiti wa miaka mingi katika Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth, Uganda, umeonyesha kwamba majike wa pongo hubaki jirani na mama zao, na madume ndio hutawanyika. Yaani yule kijana mwenye pembe zisizovuka masikio ndiye msafiri. Yeye ndiye anayevuka kutoka kichaka hiki hadi kile, akibeba damu mpya kwa majike wasio ndugu zake.

Na Vihingo ni nchi ya vichaka vilivyokatikakatika. Msitu wa Hifadhi wa Ruvu Kusini, ulioangukia Kibaha na Kisarawe, umekatwa kwa mkaa kwa miongo; jiji la Dar es Salaam, lililohesabiwa kuwa na zaidi ya watu milioni 5 katika sensa ya 2022, limepika wali wake kwa miti ya Pwani. Kati ya kipande cha msitu na kipande kingine kuna mashamba ya mihogo na mikorosho, kuna barabara, kuna reli. Dume mzee hana haja ya kuvuka. Amekwisha kuwa na pake. Ukimwondoa mzee, mahali pake patachukuliwa. Ukimwondoa kijana, umekata njia kati ya vichaka viwili. Kwa pongo wa Vihingo, basi, jibu langu halina kigugumizi: mwache apite.

Paa yule mdogo wa vichaka vya Pwani, mwenye uzito wa kilo 4 hadi 6, mara nyingi huishi dume na jike, na dume peke yake ndiye mwenye vipembe, hivyo jinsia yake husomeka. Funo ndiye mwenye shida: dume na jike wote wana pembe, na ndani ya kichaka kizito hata macho makali hayatofautishi. Usiyeweza kumjua jinsia yake huwezi kumjua umri wake. Hapo bunduki iwekwe begani.

Nimefika kwenye hoja ambayo wazee waliotoka Kisarawe kuja kutusikiliza wataniuliza hata kabla sijashuka jukwaani: "Mwanangu, nikimwacha mimi, si atakufa kwa waya wa jirani?" Ni hoja nzito, na haijibiwi kwa mahubiri. Waya wa breki ya baiskeli uliofungwa tanzi kwenye njia ya wanyama hauchagui. Unamkamata jike mwenye mimba, mtoto, msafiri wetu yule kijana, na mara nyingi mnyama huozea hapo kabla mwenye mtego hajarudi. Penye waya mwingi, mjadala wa kupiga au kuacha ni anasa.

Na hoja ya wazee ina historia. Mwanahistoria Thaddeus Sunseri, katika makala yake ya 1997 kuhusu Uzaramo, ameonyesha jinsi vizuizi vya Wajerumani juu ya uwindaji, pamoja na wanaume kuchukuliwa kufanya kazi kwingine, vilivyowaacha nguruwe pori watawale mashamba, njaa ikaingia, na machungu yale yakawa miongoni mwa yaliyowasha vita vya Majimaji huku Pwani mwaka 1905. Mtu aliyekatazwa kumgusa mnyama, kisha mnyama huyo huyo akala mihogo yake, hana sababu ya kumngoja dume kijana akue. Anakua kwa faida ya nani?

Ndiyo maana nasema subira ya mwindaji ni suala la umiliki kabla ya kuwa suala la maadili. Sera ya Wanyamapori ya 1998 ililiona hilo, ikafungua mlango wa Jumuiya za Hifadhi za Wanyamapori. Katika mkoa huu huu wa Pwani, vijiji vya Ngarambe na Tapika huko Rufiji viliunda jumuiya yao, vikawa na doria yao na sauti juu ya mnyama apitaye ardhini mwao. Sisemi jumuiya hizi hazina matatizo. Mgawanyo wa mapato umezusha ugomvi mwingi, na Wami-Mbiki, iliyoanza kama jumuiya, baadaye iligeuzwa Pori la Akiba. Lakini mwanakijiji mwenye haki inayoeleweka juu ya pongo wa mwakani ana sababu ya kumwacha pongo wa leo, na pia ya kung'oa waya wa jirani. Asiye na haki hiyo huwahi kabla hajawahiwa, na mimi simlaumu.

Nina maombi mawili kwa wenye mamlaka walioko hapa. La kwanza ni kwa halmashauri za Kisarawe na Kibaha: leseni za wenyeji zinapotolewa, zisiishie kutaja aina na idadi ya wanyama. Kwa swala pala ziruhusu kapera, kwa pongo zidai dume aliyekomaa, na pasipo askari wa kijiji wa kung'oa mitego zisitolewe kabisa.

La pili ni jepesi, na halihitaji mfadhili. Umri wa swala husomeka kwenye meno kwa uhakika kuliko kwenye pembe. Kila mwenye leseni arudishe taya la chini la mnyama aliyempiga, likiwa na kibandiko cha tarehe na jina la kichaka, kwa Afisa Wanyamapori wa Wilaya. Idara yetu hapa chuoni iko tayari kuyapokea mataya hayo, kuyasoma, na kurudisha majibu vijijini kabla ya msimu unaofuata kufunguliwa.