Ndago Katika Bustani za Nyumbani



Leo ninazungumza hasa na ninyi mnaolima vibustani nyuma ya nyumba huko Mbagala, Chamazi, Yombo, Tegeta, Bunju na kwingineko pembezoni mwa Dar es Salaam. Mchicha, matembele, bamia, nyanya chungu. Nyingine za kitoweo, nyingine za kuuza mafungu asubuhi. Mchicha mtu humwaga mbegu leo, na wiki tatu au nne baadaye anang'oa. Lakini penye ndago mambo hayaendi hivyo. Mchicha unatoka mwembamba, wa manjano, na muda wa kupalilia unazidi muda wa kuuza. Wako waliokwisha kuacha matuta yao kwa sababu hiyo tu, wakarudi kununua mboga sokoni.

Kwanza tuelewane ni kitu gani, maana wapo wanaoita kila jani jembamba ndago. Shika shina lake kwa vidole viwili ulizungushe. Shina la nyasi za kawaida ni la mviringo. La ndago lina pembe tatu. Maua yake yana rangi ya kahawia iliyochanganyika na wekundu. Halafu chimba taratibu. Utakuta viazi vidogo vyeusi, vingi vyao kama njugu mawe, vimeungana kwa nyuzi ngumu mithili ya shanga. Yupo na ndugu yake mwenye maua ya manjano, ambaye viazi vyake havikufuatana, kila kimoja kiko peke yake mwisho wa uzi. Naye ni msumbufu, na namna ya kupambana naye ni hii hii.

Msidhani kwamba ni uvivu wenu. Mwaka 1977 wataalamu wakiongozwa na Mmarekani LeRoy Holm walitoa kitabu juu ya magugu mabaya kuliko yote duniani, na waliyoiweka ya kwanza ni ndago. Waliihesabu katika nchi zaidi ya 90, ndani ya mazao 52.

Sasa, kwa nini jembe halimalizi kazi? Jibu liko kwenye ile shanga. Kiazi kimoja kikiwa kimetoa jani juu, huwazuia wenzake waliofuatana naye wasichipue. Wapo, wazima, lakini wamelala. Wewe unakuja na jembe, unakatakata udongo, unazikata zile nyuzi. Kila kiazi sasa kiko peke yake na hakuna wa kukizuia. Jioni unamwagilia. Baada ya wiki moja tuta zima ni kijani, na si mchicha. Kwa kweli umeipanda ndago kwa mikono yako, tena umeipa na maji. Na kiazi kimoja kikiachwa kinaweza kuzaa karibu viazi 100 katika miezi mitatu.

Hapo kwenye maji ndipo ninapotaka tukae kidogo. Ndago ikiwa ndani ya udongo wenye unyevu haijali jua. Lakini viazi vyake vikiwekwa juani vikakauka kabisa, vinakufa. Shida ya bustani ya nyumbani ni kwamba inamwagiliwa kila siku, mwaka mzima, kwa hiyo ndago haionji kiangazi hata siku moja. Basi gaweni bustani mafungu mawili. Fungu moja liendelee kuwalisha. La pili lisionje maji. Wakati mzuri ni Januari na Februari, jua la kaskazi likiwa kali na masika bado, au kuanzia Juni masika yakishakwisha. Pindueni udongo kwa mabonge makubwa, msiusage. Acheni wiki mbili. Kisha pindueni tena ili vilivyokuwa chini vije juu, mwache wiki mbili nyingine. Mvua ikinyesha katikati, hesabu inaanza upya, hakuna njia.

Wenye udongo wa kichanga, na wengi wenu mnao, mna bahati ambayo watu wa mabondeni wenye udongo mzito hawana: mnaweza kuchekecha. Chukueni chekeche la mchanga kama la mafundi wa ujenzi, lenye matundu yasiyozidi milimita 5. Viazi vingi vya ndago haviko mbali, viko katika sentimita 20 za juu. Tuta la mita 1 kwa mita 5, likichimbwa kina hicho, ni mita moja ya ujazo, kama toroli 16 hivi. Ni kazi, sikatai. Lakini ni kazi ya siku mbili kwa tuta moja, na mnayempalilia mchicha kwenye ndago mnajua siku mbili zinavyopotea bila faida. Chimbeni kwa uma wa kulimia mkiwa nao, maana uma unainua ile shanga nzima pasipo kuikata.

Viazi mlivyookota msitupe kwenye shimo la mboji. Msitupe kwa jirani wala mtaroni, mvua itavisambaza mtaa mzima. Vianikeni juu ya bati hadi vikauke kabisa, ndipo mvichome.

Kuna vitakavyobaki, hilo ni lazima. Jani likishachomoza, mche huchukua wiki tatu mpaka sita kabla ya kuanza kutengeneza viazi vipya. Kwa hiyo piteni kila baada ya wiki mbili, bila kuruka, mkichomoa pamoja na kiazi kila inapowezekana. Kisipotoka, hata kukata jani tu kunasaidia, kwa sababu kiazi kinatumia akiba yake kuchipua tena. Anayeruka mwezi mmoja kwa sababu ya msiba au harusi atakuta viazi vipya vimekwisha kuzaliwa. Mwachieni mtoto mkubwa kazi hiyo msipokuwapo.

Jambo jingine, ndago haipendi kivuli. Mchicha na vitunguu havina kivuli cha maana, ndiyo maana vinashindwa. Katika fungu lililosafishwa anzeni na matembele, myapande karibu karibu, au kunde zinazotambaa. Palilieni mpaka yafunike ardhi, na mnapochuma msiyakwangue mkaacha udongo uchi. Msimu mmoja au miwili ya matembele, ndipo mrudie mchicha.

Nailoni nyeusi nimeulizwa mara nyingi. Ndago huitoboa kama sindano. Chumvi na oili chafu msimwage kamwe: hizo zitaharibu udongo wenu, na ndago ndiyo itakayokuwa ya kwanza kurudi.

Dawa ipo, yenye glaifoseti, ambayo inashuka kutoka kwenye jani hadi kwenye kiazi. Lakini inaua na mchicha vilevile. Hufanya kazi jani likiwa bichi lenye nguvu, si lenye kiu, na kwa ndago haitoshi kupiga mara moja. Tena mwaka 2015 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliiweka katika kundi la vitu vyenye uwezekano wa kuleta saratani kwa binadamu. Kwa eneo la hatua kumi kwa kumi, penye kisima na watoto wanaocheza, mimi nachagua chekeche. Atakayeitumia asinunue ile iliyomiminwa kwenye chupa ya maji isiyo na maelezo, na afuate kipimo kilichoandikwa.

Mwisho, angalieni ndago inaingiaje. Mara nyingi huja na lori la udongo mweusi, na samadi iliyozolewa pamoja na udongo wa zizi, na miche ya maua ya viriba. Kabla ya kulipa, chotieni udongo ndoo moja, mwagilieni, mkae nao kivulini wiki mbili. Yakichomoza majani yenye shina la pembe tatu, mwambieni mwenye lori aende nao.