Farasi Thelathini wa Nyongeza

(Hotuba iliyosomwa na mmoja wa wanafunzi wa zamani, fundi wa magari wa Nyakato, Mwanza, mbele ya mkutano wetu wa mwaka)



Ndugu Katibu aliponiandikia, alitaka nizungumzie maendeleo ya ufundi wa magari. Jambo hilo ni pana kama ziwa lenyewe, nami sina mtumbwi wa kulivuka kwa nusu saa. Kwa hiyo nimeomba ruhusa nizungumzie jambo moja tu, ambalo vijana huniletea pale gereji kwangu Nyakato karibu kila wiki, na ambalo mimi mwenyewe limenigharimu. Jambo lenyewe ni kubadili hesabu zilizomo katika kontroli boksi ya gari lenye turbo, ili injini itoe nguvu zaidi. Vijana wanaliita rimapu.

Wengi wenu mnanikumbuka kwa sababu nyingine. Mwaka 1985 nilichapwa kwa kufungua jenereta ya shule bila ruhusa. Niliifunga tena, ikawaka, lakini fimbo hazikupunguzwa hata moja.

Nianze na turbo, maana wapo humu waliosoma sanaa. Turbo ni mapangaboi mawili madogo juu ya mhimili mmoja. Moja linazungushwa na moshi unaotoka kwenye injini, na kwa kuwa yameshikana, la pili nalo linazunguka na kusukuma hewa kuingia ndani ya silinda. Hewa ikiwa nyingi, petroli nyingi zaidi inaweza kuungua, na nguvu inaongezeka. Mswisi Alfred Büchi aliandikisha uvumbuzi huo mwaka 1905, kwa hiyo si jambo la jana.

Sasa, nani hapa hajawahi kujaza upepo baiskeli? Mnakumbuka pampu inavyochoma kiganja baada ya dakika mbili. Hewa ukiibana, inapata joto. Mwalimu wetu wa fizikia aliliandika jambo hilo ubaoni, nasi tukalinakili bila kuliamini, lakini pampu ilikuwa imekwisha kutufundisha. Turbo nayo ni pampu. Kila unapoitaka ibane zaidi, hewa inaingia kwenye silinda ikiwa ya moto zaidi, hata kama imepitishwa kwanza kwenye intakula, ile rejeta ndogo ya kupoza hewa. Katika Subaru ipo juu ya injini, chini ya lile tundu la boneti ambalo vijana wanalipenda kuliko wake zao.

Na kontroli boksi je? Ninyi wa zamani zangu mnakumbuka kitabu cha logi. Unashuka na mstari, unakwenda kando na safu, pale vinapokutana unasoma namba; na kama namba yako iko katikati, unaongeza tofauti. Basi kontroli boksi ni mwanafunzi anayesoma kitabu cha logi mara nyingi kwa sekunde moja bila kuchoka. Upande mmoja wa jedwali ni mzunguko wa injini, upande wa pili ni kiasi cha hewa inayoingia, na pale vinapokutana pameandikwa ni digrii ngapi kabla ya pistoni kufika juu plagi itoe cheche. Liko jedwali jingine la petroli, jingine la msukumo wa turbo, na mengine mengi ya masahihisho: injini ikiwa baridi, hewa ikiwa ya moto, mahali pakiwa pa juu. Kufanya rimapu ni kuyafuta baadhi ya majibu na kuandika ya kwako. Hakuna spana inayoguswa. Ndiyo maana inaonekana rahisi.

Ndugu Mwenyekiti, sasa nije kwenye kosa langu. Mwenye gari yuko humu ukumbini, mstari wa tatu. Nilimwomba ruhusa jana usiku, akanipa.

Tulilala bweni moja. Alipostaafu alinunua Subaru Forester ya mwaka 2005, ile ya lita mbili yenye turbo, ambayo Wajapani wanaiandikia nguvu ya farasi 220. Akaniletea, akasema anataka ipae kama ile Impreza ya Colin McRae iliyoshinda Safari Rally mwaka 1997. Nilikuwa nimenunua waya wa kuunganisha laptopu na gari, na programu ya kusomea majedwali hupatikana bure. Nilikuwa pia na faili, nililouziwa kwa simu na mtu wa pwani ambaye hakuwahi kuliona gari lenyewe. Aliniahidi farasi thelathini wa nyongeza. Nikainama chini ya dashibodi, nikaunganisha zile soketi mbili za kijani ambazo bila ya hizo kontroli boksi haikubali kuandikwa upya, nikabonyeza, nikasubiri. Muda wa kunywa chai ulitosha.

Tukalijaribu barabara ya Musoma, kuelekea Kisesa. Ndugu zangu, liliondoka! Mzee mzima, mwenye wajukuu, nilicheka kama mtoto. Laptopu ilikuwa mapajani inaandika kila kitu, lakini nilikuwa naangalia msukumo wa turbo tu jinsi unavyopanda. Kando yake palikuwa na namba nyingine ambayo sikuiangalia.

Namba hiyo inahitaji maelezo. Injini ya aina ile ina sensa iliyofungwa kwenye bloku, nayo kazi yake ni kusikiliza. Petroli ikilipuka yenyewe kwa joto na mbano, kabla moto wa plagi haujaifikia, injini hugonga, na sensa husikia mgongo huo kabla ya sikio la binadamu. Kontroli boksi inaporipotiwa hivyo, inarudisha taimingi nyuma, na inaweka kumbukumbu. Kumbukumbu hiyo ni namba inayoonyesha kiasi gani inaamini petroli iliyomo tangini: ikijaa, inatoa taimingi yote iliyoandikwa, ikishuka, inabania. Namba hiyo ilikuwa imeshuka kufikia nusu. Gari lilikuwa linaniambia kwamba haliamini, nami nilikuwa nacheka.

Wiki mbili baadaye mwenzangu alipata msiba wa baba yake mdogo huko Musoma. Wakaondoka watano garini, mchana wa jua kali, ili wawahi maziko. Kabla ya Magu alilipita lori la mizigo, akakanyaga mafuta mpaka mwisho, akasikia sauti kama kokoto ndani ya debe, kisha moshi wa bluu. Injini ikanoki. Walikaa kando ya barabara mpaka wakapata Hiace yenye nafasi, na walipofika Musoma jua limezama na watu wameshatawanyika makaburini.

Nilipoifungua injini, pistoni ya silinda ya nne ilikuwa imevunjika ukuta mwembamba unaoshika ringi, na ukingo wake umetafunwa kama mhindi ulioingiliwa na panya. Mwenzangu alikuja akaitazama mezani. Hakunidai. Aliniuliza tu, "Ulijua?" Nikamwambia sikujua. Akasema, "Mbona ulinilipisha kama anayejua?"

Usiku ule nililifungua lile faili kwenye laptopu, jedwali baada ya jedwali, kazi ambayo nilipaswa kuifanya kabla. Msukumo ulikuwa umepandishwa, hilo nililitegemea. Taimingi ilikuwa imesogezwa mbele. Lakini lililonishtua ni lile jedwali la masahihisho ya mahali pa juu. Kiwandani walikuwa wameandika kwamba hewa ya mahali ikiwa nyepesi, turbo idaiwe kidogo. Yule bwana alikuwa amelisawazisha lote, kana kwamba dunia nzima iko usawa wa bahari. Ziwa letu liko mita 1,134 juu ya bahari. Hewa ya hapa ina mgandamizo pungufu kwa karibu sehemu moja ya nane kuliko ya Dar es Salaam. Ili turbo ifikishe msukumo ule ule hapa, lazima izunguke kwa kasi zaidi na kuichemsha hewa zaidi. Kumbukeni pampu ya baiskeli.

Halafu kuna petroli. Ndani ya kifuniko cha tangi la gari lile kuna kibandiko cha Kijapani ambacho nilikuwa nakiona kila siku bila kujua kinasema nini. Kinasema tia petroli ya daraja la juu. Japani wanauza madaraja mawili: la kawaida, ambalo kiwango chao kinataka oktani isipungue 89, na la juu, isipungue 96. Oktani, kwa lugha ya gereji, ni uvumilivu wa petroli kabla ya kulipuka yenyewe. Majedwali ya kiwandani ya gari lile yaliandikwa kwa petroli ile ya uvumilivu mkubwa. Hapa kwetu kwa kawaida unajaza iliyopo, na vijijini unajaza ya kwenye chupa ya maji. Tena tunajua historia yetu: uchakachuaji ulifika mahali ambapo EWURA walianza kutia vinasaba katika mafuta mwaka 2010, na mwaka 2011 Serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili watu wasione faida ya kuyachanganya. Kwa maneno mengine, gari lile hata kabla sijaligusa lilikuwa halijawahi kula chakula liliyoandikiwa. Lilikuwa limekwisha kujibania lenyewe kimya kimya, nami nikaja nikaliongezea mzigo.

Vijana wananiambia kiwanda huwa kinaficha nguvu. Si uongo mtupu. Toka mwaka 1989 hadi 2004 viwanda vya Japani vilikuwa na mapatano ya kutotangaza gari lenye nguvu inayozidi farasi 280, na ndiyo maana Mark II yenye injini ya 1JZ-GTE na magari mengine yasiyofanana nayo hata kidogo yote yaliandikwa 280 hiyo hiyo. Injini ile ya 1JZ ina bloku ya chuma, nene, na ninakubali kwamba ndani yake iko akiba. Lakini mara nyingi kinachoitwa nguvu iliyofichwa ni akiba iliyowekwa kwa ajili ya siku mbaya: jua la mchana, petroli hafifu, chujio la hewa lililojaa vumbi la Shinyanga, dereva anayesahau oili. Siku nzuri akiba hiyo haionekani ina kazi gani. Magari ya Safari yaliweza kuila kwa sababu timu zilikuja na mafundi wao na petroli yao, na injini ilifunguliwa baada ya mashindano. Ian Duncan wa Kenya aliposhinda mwaka 1994 na Toyota Celica ya turbo, hakuna aliyetegemea injini ile ipeleke watoto shule miaka kumi.

Wala si tamaa ya vijana wa leo peke yao. Sisi tulipokuwa wanagenzi, madereva wa zile Scania zilizounganishwa Kibaha walikuwa wanatuomba tukate sili ya pampu ya dizeli na kulegeza skrubu, ili lori lipande mlima na pamba bila kubadili gia. Tulikata. Moshi ulikuwa mweusi kama masizi ya chungu, na wakubwa wa kampuni walishangaa kwa nini pistoni zinayeyuka. Leo hakuna sili ya kukata wala moshi wa kukusaliti mapema.

Mtaniuliza, je, sasa unakataa kazi hiyo? Sikatai. Ila mtu akija, gari linalala kwangu. Napima mbano wa kila silinda, naangalia plagi, pampu ya petroli na nozeli, kisha naendesha na laptopu nikiwa na kijana wa kuisoma, macho yake yakiwa kwenye ile namba ya imani. Ikiwa haijajaa kwa majedwali ya kiwandani, hakuna nyongeza. Magari mengi huishia hapo, na kazi ninayoyafanyia ni kinyume cha waliyoiomba: narudisha taimingi nyuma kidogo pale turbo inapobana sana, nailinganisha na petroli yetu na hewa yetu. Gari linakuwa laini, linavuta vizuri katikati, halijibanii. Tatizo ni kumwambia mtu alipe kwa kupunguziwa. Mmoja aliniambia, "Mzee, kwani wewe ni fundi au ni trafiki?" Mwingine akasema Nairobi wanafanya kila siku. Ni kweli, na Nairobi iko juu kuliko sisi, zaidi ya mita 1,600. Lakini mafundi wazuri wa kule wanaliweka gari juu ya mashine ya magurudumu inayopima nguvu, wanabadili namba moja moja kwa saa nyingi, na mteja analipia saa hizo. Wanayemwiga vijana wetu ni yule anayetuma faili kwa simu.

Injini ya mwenzangu niliibadili kwa mtumba, kwa gharama zangu, na ilinichukua miezi minane kuimaliza. Faili la kiwandani la kila gari ninaloligusa nalihifadhi kwanza mahali pawili, pamoja na daftari lenye namba ya gari, tarehe, na kituo petroli iliponunuliwa. La kwake ndilo la kwanza katika daftari hilo.

Forester yenyewe iko nje, chini ya mwembe. Ameniambia leo asubuhi kwamba tangu ajaze mafuta njiani anahisi inabania. Laptopu ninayo. Tukishakula chakula tutakwenda nayo mpaka Igoma na kurudi, na kiti cha nyuma kina nafasi ya watu watatu. Atakayekuja na awe na miwani yake ya kusomea.